Mizani ya jikoni inayoongea: maoni yangu baada ya kuitumia nyumbani na kazini

Naandika kuhusu ile mizani ya jikoni inayoongea, ukiweka kitu juu inakutamkia uzito kwa sauti, maana kila nikiitaja mbele za watu naulizwa yale yale, inauzwa wapi, bei gani, inafanya kazi kweli au makorokoro tu, na mi nimeshaitumia vya kutosha kuwa na la kusema. Jibu langu fupi nunua. Ila kuna vitu vya kukagua kabla hujatoa hela na kuna vitu hii mizani haiwezi, ntavisema vyote.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mi sioni, nilipofuka mdogo, kazi yangu ni lishe, nafundisha akina mama huku Temeke na Mbagala namna ya kulisha watoto, na jioni kazi zikiisha naandika hadithi za watoto, nyingi ni za chakula chakula hivi, mtoto na bibi yake jikoni, mtoto kaenda sokoni, vitu kama hivyo. Kwahiyo jikoni kwangu ni pa kupikia na hapohapo ndio ofisini. Nikiwaambia mizani imenisaidia msidhani naongelea keki ya sikukuu, naongelea kazi ya kila siku.

Na kazi ya lishe ni gramu. Watu wengi hawalijui hili. Kuna lile jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania lililotoka 2008, walilifanya Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na watu wa Harvard, mi ninalo kwenye simu linasomwa na TalkBack, ile programu ya simu inayosoma kioo kwa sauti, kila chakula mle kimepimwa kwa gramu 100, dagaa gramu 100, mchicha gramu 100, ugali gramu 100. Sasa we unakaa na mama Mbagala Kizuiani anakwambia mtoto wangu anakula kikombe cha uji na kipande cha kiazi. Kikombe kipi, kipande gani? Bila kupima unabaki unakisia, na mtu anayeona ana afueni kidogo maana anaweza kununua mizani ya elfu kumi na tano akasoma kioo. Mi kile kioo hakinisaidii chochote. Miaka yote kabla ya hii mizani nilikuwa naita mtu, njoo nisomee, anakuja, anasoma, anaondoka, naongeza unga kidogo, njoo tena nisomee. Watoto wa dada yangu wamenivumilia sana lakini mtoto ana shule, ana mpira, na mi nina kazi saa tano asubuhi wakati nyumba nzima haina mtu.

Kuipata sio rahisi, nisiwadanganye. Tulizunguka Kariakoo mimi na mtoto wa dada yangu, Aggrey kote, Kongo, tukarudi Msimbazi, mizani za kawaida zimejaa kila duka lakini ukisema inayoongea wanakuangalia. Duka moja yule kijana akawa anaongea na mwanangu tu, "bro, huyu mama anataka ya rangi gani?" Mwanangu akamwambia muulize mwenyewe, si huyu hapa. Akashtuka, "samahani mama, shikamoo." Marahaba, nikamwambia rangi yoyote baba, mi nataka inayoongea na iwe na batani za kubonyea. Akauliza kwa upole kabisa, "lakini mama, kwani nyumbani hakuna mtu wa kukusomea?" Nilimjibu hivi, mwanangu, we una mtu wa kukusomea simu yako? Akanyamaza afu akasema kweli mama. Wala hakuwa na ubaya, hajawahi kufikiria tu, na hapo ndipo shida ilipo kwenye maduka yetu, wanaamini asiyeona ni mtu wa kufanyiwa, hawamhesabu kama mteja.

Duka lililonipatia ni dogo, ghorofani, jamaa anaagiza vitu China na kama kitu hana anakuongezea kwenye mzigo wake unaokuja. Nilitoa nusu ya hela kwanza, nusu mzigo ulipofika, jumla 85,000. Ndio ni hela nyingi kwa mizani, ile ya kawaida ungenunua tano ukabakiwa na chenji. Alichonifurahisha aliifungua boksi mwenyewe akaweka betri akanishikisha mikononi, akasema "mama mkubwa weka simu yako juu tusikie." Tukaisikia. Muuzaji anayekupa kitu ukishike ujaribu kabla hujalipa, huyo rudi kwake.

Haya, chombo chenyewe. Ni bapa, ukubwa kama wa daftari kubwa la shule, juu ina bakuli la plastiki linalotoka, inapima mpaka kilo 5 na inahesabu gramu moja moja. Inatumia betri mbili ndogo zile za rimoti. Mbele ina batani tatu, na hapa nataka msome vizuri maana ndio jambo la kwanza kabisa la kuangalia: batani ni za kweli, zimeinuka, ukibonyeza unasikia kwenye kidole kwamba imebonyea. Siku hizi vitu vingi vya jikoni vimegeuzwa vioo vitupu vya kugusa, majiko, maikrowevu, mashine za kufulia, kidole kinapita tu hakioni kitu, na mtu asiyeona anafungiwa nje ya jiko lake mwenyewe na fundi aliyeona kioo ndio maendeleo. Mashine ninayoandikia nukta nundu, yale maandishi ya kushika ya wasioona, ni Perkins, ilitengenezwa na David Abraham, alikuwa mwalimu kwenye shule ya wasioona ya Perkins kule Marekani, ikatoka 1951 na mpaka leo ina funguo sita za kushika, kila funguo nukta yake, na watoto wanaandikia bado. Aliyeitengeneza alifikiria vidole. Sasa hii mizani haijafika huko lakini kwenye batani wamejitahidi, ya kulia kuwasha na kurudisha sifuri, ya kati sauti irudie, ya kushoto kubadilisha vipimo. Hiyo ya kushoto ntairudia maana ina maudhi.

Sauti ni ya kike, iko wazi, ina ngazi tatu za ukubwa. Inaongea kiingereza. Kuna kijerumani pia na kifaransa, kiswahili hamna. Kwa mtu aliyezoea namba za kiingereza hamna tabu, ila mama yangu mzazi kwa mfano asingeweza kuitumia peke yake, na kuna wazee wengi wanapoteza macho ukubwani kwa mtoto wa jicho na presha ya macho ambao hii mizani ingewafaa sana na lugha inawazuia. Na simu zetu zinaongea kiswahili siku nyingi! eSpeak, programu ya sauti ya bure kabisa, inaongea kiswahili, sauti ya Google inayo ya kiswahili, kwahiyo sauti zipo, kinachokosekana ni mtu wa kiwandani kuambiwa kwamba huku kuna wateja. Waagizaji wa Kariakoo mnaokwenda Guangzhou kila mwezi, ombeni. Namba za kiswahili za kurekodi sio nyingi, moja mpaka kumi, makumi, mamia, elfu, basi.

Usahihi wake niliupima kwa maji na mtu yeyote anaweza, maji mililita moja ni gramu moja. Nina bomba la sindano la famasi, lile la mililita 20 bila sindano, nimelikata alama kwenye mti wa ndani ili kidole kijue pa kusimama. Navuta maji, namwaga kwenye bakuli, inatakiwa iseme 20. Ilisema 20, mara moja moja 21. Nikaweka kilo ya sukari ya dukani ikasoma kilo moja na gramu chache za mfuko, sawa kabisa. Kwa vitu vidogo sana ndio haiaminiki, ukiweka hiliki au chumvi ya kidole kimoja haisemi kitu, inasubiri mpaka ifike gramu tatu nne hivi ndio inashtuka. Kwa viungo endelea na kijiko.

Kuna mbinu moja hakuna aliyenifundisha na kwenye karatasi ya maelekezo haipo, imenirahisishia kuliko kitu kingine chochote. Badala ya kumimina unga kwenye bakuli lililo juu ya mizani, ambapo ukizidisha unaanza kuchota kurudisha na unga unamwagika mezani na we huuoni, fanya kinyume. Weka kopo zima la unga juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, afu chota kutoka kwenye kopo weka kwenye sufuria yako pembeni. Mizani itakwambia kilichopungua, inasema toa 80, toa 120, na hicho ndicho ulichochota. Ukizidisha unarudisha kijiko kwenye kopo, hakuna kumwaga. Hii nawapa hata nyie mnaoona.

Sasa maudhi. Ile batani ya kushoto inabadilisha gramu kwenda aunsi na iko karibu mno na wenzake, ukiigusa bahati mbaya unaambiwa namba ambazo hazieleweki, na mikono ikiwa na unga ni rahisi kuigusa. Nimetonesha rangi ya kucha juu yake matone mawili ikakauka, sasa kidole kinaijua hakiisogelei. Ya pili inajizima yenyewe baada ya dakika mbili hivi ukiwa kimya, na ikijizima imesahau sifuri uliyoiweka, kwahiyo ukienda mlangoni kumpokea mtu wa maji ukirudi unaanza upya. Ya tatu haitaki maji wala moto, usiweke sufuria iliyotoka jikoni, weka kibao kwanza. Na ukiwa mahali pana kelele, jenereta la jirani, feni kubwa, watoto ishirini wanaongea, hata ngazi ya tatu ya sauti haitoshi, unainama kuweka sikio. Betri haili sana hapo siwezi kuisema vibaya.

Mtu ataniambia siku hizi si kuna simu, piga kamera kwenye mizani ya kawaida ikusomee. Nimefanya sana. Be My Eyes ipo tangu 2015, aliianzisha Hans Jørgen Wiberg wa Denmark ambaye mwenyewe macho yake hayaoni vizuri, unaunganishwa na mtu wa kujitolea anakusomea kinachoonekana, nzuri mno na mi naitumia kusoma tarehe za mwisho kwenye makopo na kuchagua nguo. Ila kwa kupima unga unahitaji mikono miwili na ya tatu ya kushika simu, halafu unahitaji bando, halafu huwezi kumweka mtu wa watu hewani nusu saa unachota vijiko. Mizani inayoongea haitaki intaneti wala ahsante.

Niwaambie nilichokipima nayo siku ya kwanza kabisa ilipofika nyumbani. Kiazi lishe. Hiki kiazi kitamu cha rangi ya chungwa ndani, aina zake kama Kabode, Mataya, watu wa mbegu wanazijua. Gramu 125 tu zinatosha kumpa mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano mahitaji yake ya vitamini A ya siku nzima. Hiyo namba naijua kwa kichwa miaka na miaka, nimeisema kwenye madarasa mpaka sauti imekauka, na sikuwahi kuishika mkononi nikiwa peke yangu na uhakika kwamba hii ndio yenyewe. Nilikata kipande nikaweka, 140. Nikakata ncha, 131. Nikakata tena, 125. Nilikishika kile kipande nikakaa nacho. Kinajaa kiganja changu, hakizidi. Hicho ndicho kinachotenganisha mtoto na hatari, na shambani kiazi kinaota hata kwenye uwanja wa nyuma Chanika au Kisarawe bila mbolea ya maana.

Mi nilipofuka baada ya surua. Kijijini tulikuwa tunakula ugali na mlenda, msimu mbaya ugali na chumvi, nikaugua surua na macho yakaenda kwa wiki chache. Baadaye sana nikiwa nasoma ndio nikajua kilichotokea, surua inamaliza akiba ya vitamini A mwilini, na mtoto ambaye akiba yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo kioo cha jicho kinakauka, kinapata kidonda, kinatoboka. Kabla ya hapo kuna dalili, mtoto jioni giza likianza kuingia anajikwaa, anapapasa, hataki kucheza nje, watu wanasema mvivu au mwoga. Huyo mpeleke kituo cha afya leo leo, usisubiri kesho. Makadirio ya WHO ya muda mrefu ni kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 wenye upungufu wa vitamini A wanapofuka kila mwaka duniani na nusu yao wanafariki ndani ya mwaka mmoja tangu wapofuke. Mi ni nusu nyingine. Ndio maana matone ya vitamini A yanatolewa Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59, kidonge cha bluu kwa walio chini ya mwaka, chekundu kwa waliofikisha mwaka, na ni bure, na bado kuna mama ananiambia alikuwa na foleni ya biashara akapitiwa. Mama usipitiwe. Na chanjo ya surua usipitiwe.

Mwaka 2016 tuzo ya chakula ya dunia walipewa watu wanne, watatu kwa kazi ya kiazi hiki, Maria Andrade, Robert Mwanga wa hapo Uganda jirani, na Jan Low, pamoja na Howarth Bouis kwa kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao. Nilivyosikia kwenye redio nilifurahi kama ndugu zangu wamepewa.

Darasani mizani imebadilisha namna ninavyofundisha na akina mama ndio wanasema sio mimi. Zamani nilikuwa nasema chumvi isizidi gramu tano kwa siku kwa mtu mzima, wanaitikia ndiyo, inapita. Sasa naiweka mezani nasema nani anipimie chumvi anayotia kwenye mboga ya leo, anamimina, sauti inasema namba, mi naitamka kwa kiswahili, tunagawa kwa walaji. Wanaguna wenyewe! Halafu tunapima gramu tano, kijiko kimoja cha chai, wanashika. Sukari ndio zaidi, soda moja ya chupa ina karibu gramu 35, tunaimwaga sukari kwenye sahani mpaka mizani itamke 35 halafu sahani inazunguka kila mtu aione na aishike. Mama mmoja wa Mtoni Kijichi aliniambia, "mwalimu, mi huwa nampa mwanangu hii na chipsi akitoka shule, kila siku." Sikumgombeza. Tulikaa tukapanga, embe, chungwa, ndizi mbivu, maji, tukapima na hayo.

Na kinachonifurahisha mizani inaongea kwa wote sawasawa. Mama asiyejua kusoma na mimi nisiyeona tuko kwenye mstari mmoja, wote tunasikia namba. Kwenye mikutano mingine ya lishe unaletewa chati ya ukutani yenye rangi, wanaojua kusoma wanasoma, wengine tunasubiri. Hata ule utepe wa kupima mkono wa mtoto, nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano mpaka 12.5, kijani juu ya hapo, ni wa rangi tupu, mwenzangu kazini alinikatia vijitobo pale 11.5 na pale 12.5 na tangu hapo napima mwenyewe. Kijitobo ni kitu cha sekunde mbili, kingetoka nacho kiwandani kisingemdhuru mtu.

Unga wa lishe. Hapa mizani imenipa nguvu ya kubishana. Mtaani watu wanachanganya vitu zaidi ya kumi, mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, korosho, lozi, mbegu za maboga, dagaa, wanasaga, wanauza ghali, mama anaona akinunua kamaliza kazi. Mi naona bora nafaka moja au mbili na mikunde kidogo, sehemu tatu kwa moja, gramu 300 za ulezi au dona kwa 100 za karanga au kunde, vitu freshi vya wiki hii, na dagaa na mboga avipate kwenye chakula chenyewe sio kwenye unga. Vikiwa vingi hujui kilichomletea mtoto mzio ni kipi, na vinakaa muda mrefu vinaharibika. Karanga hasa. Karanga zenye kuvu zinaweza kuwa na sumukuvu, 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na sumu yenyewe haina harufu wala ladha. Pua yangu inajua karanga zilizooza, vidole vinajua zilizosinyaa, lakini zilizobadilika rangi tu sizijui, hapo namwita mtu mwenye macho achambue na sioni aibu, hicho mizani haiwezi na mi siwezi.

Sasa hadithi. Kitabu ninachokiandika sasa kina mtoto na bibi yake wanapika uji wa asubuhi, na mwisho nimeweka upishi wa kweli ambao mtoto anaweza kumsaidia mkubwa kupika. Watoto wa Dar hawana mizani majumbani, kwahiyo lazima nigeuze gramu kuwa vikombe, na kikombe ni kile cha bati cha chai tunachokijua wote. Nikakaa siku nzima nachota unga. Ukichota ukaacha hivyo unapata namba moja, ukikitingisha kikombe kinashuka unaongeza, ukishindilia na kijiko ndio kabisa, kikombe kilekile tofauti inafika robo nzima. Mama anayeshindilia uji wake unakuwa mzito kama ugali anaongeza maji, anayechota tu uji wake unakuwa mwepesi wa kumlisha mgonjwa, wote wamefuata kitabu. Kwahiyo kwenye hadithi bibi anasema "chota, usishindilie, pitisha kisu juu," na mjukuu anarudia rudia kama wimbo, watoto niliowasomea waliishika hapohapo wakawa wanaiimba kwenye kibaraza. Mstari huo umeletwa na mizani. Ningekuwa bado nategemea mtu wa kunisomea ningeandika kikombe kimoja nikapita.

Kitabu naandika kwa simu, TalkBack ina kibodi ya nukta nundu tangu 2020, unashika simu unaigeuza unagonga vidole sita kwenye kioo, kiswahili hakina herufi za ajabu kwahiyo inaenda vizuri tu. Perkins naitoa nikitaka kusikia sentensi ikigongwa kwenye karatasi, hasa za watoto, ukiona mstari mmoja umefika ukingoni na haujaisha ujue ni mrefu mno kwa mtoto wa miaka sita.

Nani anunue? Asiyeona anayepika, bila kufikiri mara mbili, kama hela ipo. Mzee mwenye kisukari anayetakiwa kupima wali wake na macho yamepungua, huyo hata zaidi, ila akae na mtu wa kumzoesha zile namba. Anayefundisha lishe, hata kama unaona vizuri, iweke kwenye begi lako. Wanaouza keki na maandazi nyumbani pia, mikono ikiwa kwenye unga huna haja ya kugeuka kusoma kitu. Ambaye hahitaji ni mtu anayepika kwa mkono na ameridhika, bibi yangu alipika hivyo mpaka mwisho na chakula kilikuwa kitamu, lakini alikuwa hafundishi watu kulisha watoto wao.

Vyama vyetu vya wasioona na nyie wenye shule zenye watoto wasioona, mkiagiza kwa pamoja bei inashuka, jamaa wa ghorofani aliniambia akipata oda ya kumi anapunguza vizuri. Watoto wasioona wa darasa la tano la sita wafundishwe kupika na kupima wakiwa shule, sio wasubiri mpaka waolewe au wapange chumba ndio wajifunze kwa kuungua.

Ukienda kununua beba chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Iweke juu, inatakiwa iseme 500 na kidogo cha chupa, kama gramu kumi mpaka ishirini juu. Bonyeza kila batani kwa kidole ukiwa umefumba macho hata kama unaona. Muulize kama unaweza kuirudisha ikigoma, uandikiwe risiti, na betri akuwekee mpya palepale, maana zinazokuja nazo kwenye boksi ni dhaifu.